Msomaji wa Tatu: Barua za Mateka wa Vita kwa Mkewe



Aprili 1966, mwanamke mmoja wa Coronado, California, alipokea barua mbili za mumewe kwa mpigo. Tangu Septemba ya mwaka uliotangulia hakuwa na habari ya maana zaidi ya ile aliyoletewa mlangoni na watu wa jeshi: ndege ya mumeo imetunguliwa Vietnam ya Kaskazini, mwavuli umeonekana ukifunguka, mengine hatuyajui. Mwanamke huyo ni Sybil Stockdale. Mumewe, James Stockdale, alikuwa ofisa wa jeshi la wanamaji la Marekani, kiongozi wa marubani walioruka kutoka manowari Oriskany. Tarehe 9 Septemba 1965 alichomoka ndegeni, akaangukia katikati ya watu waliokuwa wakipigwa mabomu, na unaweza kukisia walivyompokea. Mguu ulivunjika vibaya. Akapelekwa Hanoi, gereza la Hoa Lo, jengo lililoachwa na wakoloni wa Kifaransa. Nyumbani aliacha watoto wanne wa kiume, mdogo wao hata shule hajaanza.

Hati ya barua zile ilikuwa ya mkono wake, na hilo tu lilikuwa jambo kubwa: yu hai. Lakini Sybil alipozisoma tena na tena aliona kuna mahali pasipokaa sawa. Mumewe alizungumzia hali ya hewa. Watu hudhani Vietnam ni nchi ya joto, kumbe kuna majira ya baridi na giza, giza hata adhuhuri. Mkaguzi wa Hanoi aliyepitisha barua ile aliona malalamiko ya mzungu asiyezoea mvua. Sybil alikumbuka riwaya ya Arthur Koestler iliyotoka mwaka 1940, Darkness at Noon, ambayo jina lake ni hilo hilo la giza la adhuhuri. Ni habari ya mfungwa anayehojiwa na kusagwa moyo mpaka akiri uhalifu asioufanya. Mumewe hakuwa akisema habari ya mvua. Alikuwa akisema: tunateswa ili tukiri.

Nimeanza na sentensi hiyo moja kwa sababu ndani yake mna karibu yote niliyokuja kuyasema leo. Barua ya mateka wa vita ina wasomaji watatu. Yupo anayeandika, ambaye huisoma mara kumi kichwani kabla ya kuiweka karatasini. Yupo mke. Na katikati yao yupo wa tatu, mwenye muhuri na mkasi, ambaye barua haipiti bila yeye kuridhika. Wengi wanaoeleza visa hivi huweka nguvu kwenye ufundi: wino usioonekana, misimbo, majasusi. Mimi nadai ufundi ulikuja baadaye na ulikuwa msaidizi tu. Kilichomshinda msomaji wa tatu ni kwamba hakuwahi kuishi katika nyumba ile. Hakujua vitabu vilivyokuwa kwenye rafu yao.

Sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Mwanamke anajifunga kanga yenye jina kali, anapita nayo mtaani mchana kweupe, kila mtu anaisoma, na ni jirani mmoja tu anayejua kwamba yeye ndiye aliyeandikiwa. Ukimuuliza mvaaji atakwambia nimependa rangi. Stockdale naye angesema nilikuwa naeleza mvua.

Sasa tutazame sheria, maana mtu anaweza kudhani kwamba mateka kumwandikia mkewe ni huruma ya anayemshikilia. Sivyo. Kanuni za The Hague za mwaka 1899, na zile za 1907, ziliagiza kila nchi iliyo vitani ifungue ofisi ya habari za mateka, na barua zao zisafirishwe bila malipo. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilifungua wakala wa mateka mjini Geneva, na kufikia Oktoba 1914 ulikuwa umehamia katika jumba la makumbusho la Rath. Watu wa kujitolea, wengi wao wanawake, walijaza kadi kwa mkono na kwa taipureta: jina, kikosi, alikokamatwa, alikopelekwa. Vita vilipokwisha kadi zilikuwa milioni 7. Kila kadi ilikuwa jibu, au nusu ya jibu, kwa mama au mke fulani aliyeuliza.

Mkataba wa Tatu wa Geneva wa mwaka 1949 ukaenda mbali zaidi, ukataja hata idadi. Kifungu cha 70 kinasema mateka apewe nafasi ya kupeleka kadi kwa jamaa zake, kuwaarifu kwamba amekamatwa, yuko wapi na afya yake ikoje, na hilo lifanyike kabla ya wiki moja kupita tangu afike kambini. Kifungu cha 71 kinampa haki ya barua 2 na kadi 4 kwa mwezi, si chini ya hapo ila kwa sababu chache zilizotajwa, na kinakataza kuzuia barua kama adhabu. Wenye kutunga sheria hii walikuwa wametoka vitani juzi tu. Walijua kwamba barua ikigeuzwa kuwa zawadi ya mateka mtiifu, basi imekwisha kuwa chombo cha mateso.

Na huko Hanoi ndivyo ilivyokuwa. Vietnam ya Kaskazini iliridhia mkataba huo mwaka 1957, lakini iliweka pingamizi kuhusu watu watakaotiwa hatiani kwa uhalifu wa kivita, kisha ikasema marubani wa Marekani ni wahalifu, si mateka. Tuwe waadilifu: mabomu yale yalianguka juu ya watu, na hasira ya mtu aliyezika watoto wake haihitaji mwanasheria wa kuieleza. Lakini matokeo kwa wake wa mateka yalikuwa kimya cha miaka. Mmoja hupata barua baada ya miezi saba, mwingine baada ya miaka minne, mwingine hapati kabisa na hajui kama aitwe mke au mjane. Barua ilitolewa kwa kupimwa, kama malipo au kama chambo. Nyingine zilizotoka nyumbani hazikumfikia mwenyewe.

Hapa ndipo Sybil Stockdale anapokuwa mtu wa kupendeza zaidi kuliko sura ya mke mvumilivu tunayochorewa mara kwa mara, yule anayekaa dirishani akisubiri. Sura hiyo imenichosha. Sybil alizichukua barua zile mbili hadi kwa watu wa ujasusi wa jeshi la wanamaji, akakutana na ofisa aitwaye Bob Boroughs. Wakaanza kutunga mpango. Boroughs alimweleza bila kuficha: tukitumia barua zako kwa mawasiliano ya siri na ikagundulika, mumeo atahesabiwa kuwa jasusi, na jasusi hana mkataba unaomlinda. Uamuzi ukaachiwa mke. Hebu fikirini uzito wake. Mume hawezi kuulizwa, kwa maana kumuuliza kwenyewe ndiyo siri. Mke anaamua peke yake, jikoni kwake, kwa niaba ya mtu ambaye shingo ndiyo yake. Alikubali.

Mwishoni mwa 1966 Stockdale alipokea barua yenye picha. Ilionyesha mwanamke mtu mzima akijiloweka majini ufukweni, na barua ikasema ni mama yake. Aliitazama akastaajabu. Yule hakuwa mama yake hata kidogo. Msomaji wa tatu alikuwa amekwisha kuikagua picha ile, akaona bibi wa Kimarekani anaogelea, akaipitisha. Stockdale ndiye pekee katika gereza zima aliyeweza kujua kwamba ni uongo. Alikaribia kuitupa. Halafu akajiuliza kwa nini Sybil, mtu makini, ampelekee picha ya mtu mwingine, na kwa nini habari ile ya kujiloweka. Selo ile haikuwa na maji ya kutosha kuchezea. Alitumia mkojo wake. Akailowesha picha, na maandishi yakajitokeza.

Yalimwelekeza jinsi ya kutambua barua ambazo karatasi yake ni kaboni ya pekee, isiyoacha alama inayoonekana kwa macho. Unaiweka karatasi hiyo juu ya barua yako ya kawaida, unaandika kwa kubonyeza, na maneno yanaingia bila rangi katikati ya mistari ya mapenzi na habari za watoto. Namna ya kuanza na kumaliza barua ndiyo ingekuwa ishara kwamba kuna kitu kimefichwa. Mapema mwaka 1967 alirudisha barua ya namna hiyo. Juu, mume anamwandikia mkewe. Chini, kwa wasiojua kuisoma hakuna kitu, na kwa wanaojua kuna majina ya mateka wenzake pamoja na habari ya pingu na mateso.

Majina hayo aliyapata wapi mtu aliyefungiwa peke yake? Ukutani. Wafungwa wa Hoa Lo waligonga ukuta kwa msimbo walioupanga kwa miraba 25, safu tano zenye herufi tano kila moja. Alfabeti ya Kiingereza ina herufi 26, kwa hiyo K waliiacha, wakaitumia C mahali pake. Unagonga kwanza namba ya safu, halafu namba ya herufi ndani ya safu: H ni mbili, kisha tatu. Kazi ya polepole mno kwa asiyezoea. Wao walifika mahali wanataniana kwayo, na usiku walifunga kwa herufi tatu, G, B, U, kifupi cha Mungu akubariki kwa lugha yao. Jina la mtu liligongwa kutoka selo hadi selo, likawekwa kichwani, likateremshwa ndani ya barua ya mapenzi, likavuka bahari hadi Coronado, na kutoka hapo mke mwingine, mji mwingine, akaweza kuambiwa kwamba mumewe bado anapumua.

Kwa hiyo barua ya Stockdale haikuwa ya Sybil peke yake, naye alilijua hilo. Sijui kama kuna upweke unaozidi huo: kupokea barua ya mumeo baada ya miezi, na kabla hujaiweka chini ya mto wako, kuikabidhi kwa watu wa maabara. Waliandika kitabu pamoja mwaka 1984, In Love and War, sura ya mume ikifuatwa na sura ya mke. Mpangilio huo ni mzuri kwa sababu unakuwezesha kuiona barua moja kutoka pande mbili, ilivyotoka na ilivyopokelewa.

Niseme kidogo kuhusu serikali ya Marekani. Kwa miaka ya mwanzo Washington iliwaambia wake wa mateka wanyamaze: mkisema hadharani mtawaumiza waume zenu. Ushauri huo uliwafaa wanasiasa kuliko mateka. Mke anayenyamaza hajui hata mwenzake mwenye msiba kama wake yuko mtaa wa pili. Sybil aliwakusanya wa San Diego na maeneo ya jirani, wakala chakula pamoja, wakalinganisha barua na kimya. Mwaka 1968 aliongea na gazeti kwa jina lake. Oktoba 1969 alikwenda Paris na wenzake kadhaa kuonana ana kwa ana na wawakilishi wa Vietnam ya Kaskazini, akauliza waziwazi kuhusu mateka na barua. Desemba mwaka huo walipokewa na Rais Nixon. Mwaka 1970 umoja wa familia za mateka na waliopotea ukawa wa taifa zima, naye ndiye aliyeuongoza mwanzoni. Wanawake hawa, msisahau, wengine hata mkopo wa nyumba hawakuweza kuuchukua bila saini ya mwanamume aliyekuwa selo Hanoi.

Kuanzia mwisho wa 1969 mateso yalipungua na barua zikaongezeka. Wapo wanaosema ni kelele za wake, wapo wanaosema ni kifo cha Ho Chi Minh cha Septemba mwaka huo na mabadiliko yaliyofuata. Mimi naona yote mawili yalifanya kazi, na pia ushahidi wa kijana mmoja ambaye sharti nimtaje, Douglas Hegdahl. Alikuwa baharia aliyeanguka kutoka melini mwaka 1967, akaokotwa, akaamua kujifanya bwege mbele ya walinzi wake. Walipomwachia Agosti 1969 alikuwa amehifadhi majina ya mateka zaidi ya 250, akiyaimba kwa tuni ya wimbo wa watoto. Hiyo nayo ni barua, ila haina karatasi. Halafu kuanzia 1970 wanaharakati wa Marekani waliopinga vita, Cora Weiss akiwa miongoni mwao, wakaanza kubeba barua kwenda na kurudi Hanoi. Wake wengine waliwachukia kwa misimamo yao na huku wanazisubiri bahasha wanazoleta. Vita huleta mambo ya aina hiyo.

Stockdale aliachiwa Februari 1973, baada ya miaka saba na nusu. Wamarekani 591 walirudi mwaka huo. Baadhi ya ndoa hazikumaliza hata mwaka. Watu wawili walikuwa wameishi maisha mawili, na barua ya mistari michache haikutosha kuyaunganisha. Ile ya akina Stockdale ilidumu hadi kifo cha mume mwaka 2005.

Upande wa pili je? Maelfu kwa maelfu ya wapiganaji wa Kivietnam walishikiliwa na serikali ya Kusini, wengi katika kisiwa cha Phu Quoc. Hanoi haikukiri hadharani kwamba ina majeshi Kusini. Mke wa kijijini Kaskazini aliyempeleka mume vitani akawa na mume ambaye, kwa maneno ya serikali yake, hakuwa huko alikokamatwa. Utamwandikia mtu kwa anwani gani ikiwa nchi yako yenyewe imefuta safari yake? Kwake hapakuwa na Boroughs, wala gazeti, wala ndege ya kwenda Paris. Habari zake ni chache sana vitabuni, na uchache huo usitudanganye kwamba alisubiri kwa uchungu mdogo.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili liliwahi kupita karibu sana. Waitaliano waliposhindwa Ethiopia mwaka 1941, makumi ya maelfu ya askari wao waliletwa Kenya, wakakaa makambi kama ya Nanyuki, Gilgil na Londiani. Abiria wa Mai Mahiu anakiona hadi leo kikanisa walichokijenga kando ya barabara mwaka 1942. Wengi wanakijua kisa cha Felice Benuzzi, aliyetoroka kambi ya Nanyuki mapema 1943 pamoja na wenzake wawili, wakapanda Mlima Kenya, kisha wakarudi wenyewe kambini. Kinachozungumzwa kwa nadra ni anwani. Baadhi ya wanaume wale hawakuwa na wake Italia. Wake zao walikuwa Ethiopia na Eritrea, walikofuata waume zao walowezi. Mwaka 1942 na 1943 wanawake na watoto hao walisafirishwa kwenda Italia kwa meli kubwa zilizozunguka Afrika nzima kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Mateka ametulia Nanyuki nyuma ya seng'enge, mkewe yuko baharini. Amefika Italia, mara Septemba 1943 nchi ikasalimu amri na kugawanyika, kaskazini Wajerumani, kusini Waingereza na Wamarekani. Barua ilipita kwa Msalaba Mwekundu au kwa ofisi ya habari ya Vatikani, na ilipofika huenda nyumba iliyoandikwa juu ya bahasha ilikuwa imeshikwa na jeshi jingine.

Utaratibu ule wa Geneva haujafa. Aliyewahi kufanya kazi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, au mashariki ya Kongo, anazifahamu fomu za ujumbe wa Msalaba Mwekundu: upande mmoja anwani, upande mwingine nafasi ya habari za familia. Fomu haifungwi kwa gundi. Unajua wazi kwamba itasomwa, kwa hiyo huandiki siasa wala mahali jeshi lilipo. Unaandika mtoto amezaliwa, shangazi amefariki, sisi wazima. Watu wamezoea kudharau barua za namna hiyo kuwa hazina kitu. Mwenye kuipokea huangalia nani hakutajwa. Anaangalia kama mwandiko ni wa mwenyewe au ameandikiwa.

Lakini leo msomaji wa tatu amepata kamera, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Katika vita vya Urusi na Ukraine tangu 2022, familia nyingi zimejua kwamba mtu wao ametekwa kwa kuiona video yake kwenye simu, kabla ya kadi yoyote ya Geneva. Kifungu cha 13 cha mkataba kinaagiza mateka walindwe wasifanywe kitu cha kutazamwa na umma. Video ile haikutumwa kwa mkewe. Wametumiwa watu wote, naye ni mmoja wao. Hana mahali pa kujibu. Wala si jambo jipya kabisa. Mei 1966 rubani Jeremiah Denton aliwekwa mbele ya kamera Hanoi, akahojiwa, na huku akijibu maswali kwa utulivu alipepesa macho kwa msimbo wa Morse, akitamka herufi za neno la Kiingereza lenye maana ya mateso. Aliyemrekodi aliona mtu anayeumizwa na mwanga wa taa.

Wake na akina mama wa leo huzisimamisha video hizo sekunde kwa sekunde. Wanatazama amekonda kiasi gani, meno yapo, mkono wa kushoto mbona hausogei, kwa nini ametaja jina la mbwa aliyekufa zamani. Kisha wanakwenda ofisi ya Msalaba Mwekundu iliyo karibu, wanamwandikisha, na wanaomba kile kifungu cha 71 kinachompa: barua mbili kwa mwezi, na kadi nne.